Kuhuisha udongo wa kahawa: nani abebe miaka ya ukame wa mfuko?

Wakulima wa kahawa wanahimizwa kuhuisha mashamba kwa samadi, matandazo, miti ya kivuli na kukata mashina yaliyozeeka ili yachipue upya. Kuhusu udongo wenyewe hakuna ubishi mkubwa. Mibuni iliyotandazwa nyasi haikauki upesi, magugu hupungua na mvua haizoi udongo. Ubishi uko kwenye hesabu ya mkulima mdogo.

Chukua samadi. Kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5, hekta moja ina mibuni 1,600. Kilo 10 kila mmoja ni tani 16. Mwenye ng'ombe wawili hazipati, na akizipata, nani atazibeba hadi mteremkoni? Matandazo nayo yanagombaniwa na mifugo. Zaidi ya hapo, mabua makavu yakichanganywa na udongo huufyonza naitrojeni wakati yanaoza, na majani ya mibuni huanza kuwa manjano. Aliyeambiwa aache mbolea ya dukani ghafla hapo ndipo hukata tamaa, na hakosei. Aipunguze kidogokidogo, kwa kufuata vipimo vya udongo.

Hata hivyo, wanaosema mbinu hizi ni ghali husahau gharama ya kubaki vilevile. Mbolea za amonia zikitumika miaka mingi bila chokaa huongeza tindikali. Aluminiamu iliyomo udongoni huyeyuka, mizizi hudumaa, na mbolea inayonunuliwa inapotea bure.

Kivuli kina mpaka wake. Asilimia 30 hadi 40 inatosha. Kikizidi, maua hupungua na unyevu unaokaa majanini huikaribisha kutu, ugonjwa wa majani ya mibuni. Miti ya kivuli isiyopogolewa ni mzigo, na mafunzo mengi huishia kwenye kugawa miche.

Pagumu zaidi ni kukata mashina yaliyozeeka. Msumeno hupita sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini, kwa mshazari ili maji yasituame, kisha huachwa machipukizi mawili au matatu. Mavuno ya maana hurudi baada ya miaka miwili hivi. Watetezi husema mbuni mzee ulikuwa hauzai kitu. Si kweli: ulizaa kidogo, na hicho kidogo ndicho kililipa ada ya shule. Kukata robo ya shamba kwa mwaka na kupanda maharage katikati hupunguza maumivu, japo kazi huchukua miaka minne.

Kwa hiyo msaada wa kwanza uwe fedha za kipindi hicho, kabla ya semina. Wanunuzi hupenda kuahidi nyongeza ya bei, lakini nyongeza hulipwa kwa kilo zilizouzwa, na mbuni uliokatwa hauna kilo.