Umeme wa saa sita mchana unaopotea juu ya mapaa yetu

Jumapili iliyopita, saa tano na nusu asubuhi, nilisimama mbele ya inveta iliyo ukutani kwangu, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli za jua uwe wa kutumika nyumbani, nikasoma tarakimu zake. Betri asilimia 100. Matumizi ya nyumba wati 290: friji, feni mbili na redio. Paneli nazo wati 290. Nje jua la Kisauni, hapa Mombasa, lilikuwa linachoma bati mpaka bati linalia, na juu ya bati hilo kuna paneli nane za wati 550 kila moja, ambazo kwa pamoja zingeweza kutoa kilowati 4 na zaidi. Zilitoa wati 290 kwa sababu hapakuwa na pa kupeleka zaidi. Betri ikishajaa na nyumba ikishatosheka, inveta huzibana paneli. Umeme ule haumwagiki popote, hauzaliwi tu.

Ukutani mwa pili anaishi jirani yangu anayeuza barafu na maji ya ukwaju. Friji yake ya mlango wa juu, ile inayofunguka kama sanduku, ilikuwa inanguruma saa ileile kwa stima ya tokeni, yaani ya kulipia kabla, ya shilingi 100 aliyonunua alfajiri. Kati ya bati langu na friji yake hazipiti mita kumi na mbili. Nguzo ya stima inayotulisha sote wawili imesimama katikati yetu.

Nimeandika makala haya kwa sababu ya hizo mita kumi na mbili. Mjadala wetu wa sola nchini Kenya umekwama kwenye swali moja: je, serikali ilitudhulumu iliposema mwenye sola akipeleka uniti mbili kwenye gridi, yaani mtandao wa stima wa taifa, atarudishiwa moja? Mimi nasema hapana. Dhuluma iko kwingine, nayo ni kwamba kila kivutio tulichoweka cha kuwavuta watu wafunge sola kimewekwa mahali ambapo hukifikii mpaka uwe na pesa mkononi.

Tuanze na hiyo nusu, maana ndiyo inayowaudhi wengi. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 ilimruhusu mtu mwenye mtambo wa kawi jadidifu, kama ya jua au upepo, usiozidi megawati 1 kubadilishana umeme na kampuni inayomsambazia. Kanuni za kuitekeleza zikaja 2024, miaka mitano baadaye. Ukipeleka ziada yako unapewa salio, si fedha, na salio hilo ni asilimia 50 ya ulichopeleka. Nimesikia watu wakisema huu ni wizi wa mchana. Nawaelewa, lakini fikirini kidogo kuhusu nguzo ile.

Bei ya stima hapa kwetu imepangwa kwa ngazi. Katika bei zilizotangazwa Aprili 2023, mwenye kutumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi aliwekewa shilingi 12.22 kwa uniti, na anayepita 100 shilingi 20.97, kabla hujaongeza gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, tozo na VAT ya asilimia 16. Maana yake ni kwamba mimi mwenye friji, pampu na pasi nilikuwa namsaidia jirani wa vyumba viwili kulipia waya, transfoma na fundi anayepanda nguzo usiku wa mvua. Nilipofunga sola nilijitoa kwenye msaada huo. Wakijitoa wengi, na hasa viwanda na hoteli, gharama ya waya haipungui, inabaki kugawanywa na waliosalia, na waliosalia ni wale wa tokeni za shilingi 50. Kwa hiyo nusu inayobaki kwenye gridi naiona kuwa kodi halali ya kutumia waya ambao sikuujenga peke yangu. Zaidi ya hayo, uniti ya saa sita mchana si sawa na uniti ya saa mbili usiku. Sehemu kubwa ya umeme wetu ni ya mvuke wa ardhini kutoka Naivasha, unaotoka usiku na mchana. Shida ya nchi ni jioni, watu wanaporudi nyumbani kwa pamoja na kuwasha kila kitu. Mwaka 2025 mahitaji ya kilele yalipita megawati 2,300, na kilele hicho ni cha jioni, jua limeshazama.

Hapo ndipo ningependa kanuni zirekebishwe. Anayerudisha umeme wa betri kati ya saa moja na saa nne usiku apewe zaidi ya nusu, hata apewe uniti kwa uniti, maana ameibeba nchi wakati inahema. Wala si jambo geni kwetu. Tangu Desemba 2017 viwanda vinauziwa stima ya usiku wa manane kwa bei nafuu kuliko ya mchana, kwa hiyo mita zinazojua saa tunazo na hesabu yake tunaijua.

Lakini nusu au nzima, hesabu hiyo yote inamhusu mtu ambaye tayari ana paneli juu ya bati. Sasa nielezeni jirani yangu atazipataje.

Nianze na mimi mwenyewe, ambaye nina mshahara. Nilianza kuulizia bei mapema 2020. Nikapewa makadirio, nikaenda kutafuta pesa. Kabla sijazikusanya, sheria ya mwaka huo ikaondoa msamaha wa VAT kwenye vifaa vya sola na betri zake. Kodi ilikuwa asilimia 14 wakati ule kwa ajili ya korona, Januari 2021 ikarudi 16. Makadirio yangu yakawa karatasi ya kufungia njugu. Julai 2021 msamaha ukarudishwa. Mwaka mzima, katika nchi inayojisifu duniani kwa kawi safi, paneli ilitozwa kodi kama runinga. Na hasara haikuishia kwenye bei. Tangu hapo kila Juni, mswada wa fedha ukiwa bungeni, wauzaji wanasita kuagiza, na mafundi wanawaambia wateja ‘subiri tuone’. Mtu anayeweka pesa kwenye kitu kitakachomlipa kwa miaka minane au kumi anahitaji kujua kwamba sheria ya leo itakuwepo keshokutwa. Ningepewa nichague kati ya punguzo kubwa la mwaka mmoja na msamaha wa kawaida unaoahidiwa kutoguswa kwa miaka kumi, ningechukua huo wa miaka kumi bila kufikiri mara mbili.

Halafu kuna mkopo. Chama cha akiba nilichokiendea kilinipa fomu ile ile ya mkopo wa samani. Paneli hazikuhesabiwa kuwa dhamana, ingawa paneli ina uhai wa miaka zaidi ya ishirini na kochi halimalizi mitano. Nikatakiwa kuleta wadhamini watatu na kulipa kwa miezi 24. Niliweza, kwa kubana. Jirani yangu hawezi, na sababu yake ni ya hapa hapa Mombasa: nyumba ni yake, alijenga yeye na marehemu mumewe tofali kwa tofali, lakini ardhi si yake. Analipia kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi, kama wanavyofanya maelfu ya watu wa Kisauni, Likoni na Changamwe. Hati miliki hana na hatakuwa nayo. Benki gani itamsikiliza? Wapangaji ndio kabisa: mwenye nyumba hafungi sola kwa sababu si yeye anayenunua tokeni, na mpangaji hafungi kwa sababu bati si lake.

Serikali ilishawahi kujaribu njia ya amri. Kanuni za 2012 za maji moto ya jua zilitaka kila jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku liwe na mtambo wa jua, na waliokuwa na majengo tayari wakapewa miaka mitano. Hatimaye kanuni zenyewe zikafutwa. Uliagizwa kununua, hukuonyeshwa pa kupata pesa za kununulia. Wenye majengo wakapinga, na mapaa mengi yakabaki kama yalivyokuwa.

Kinachonisikitisha ni kwamba dawa tunaijua, tena tumeitumia wenyewe kwa mambo mengine. Mradi wa kuunganisha stima vijijini na mitaani ulioanza 2015 ulishusha ada ya kuunganishwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na asiyekuwa nazo akaruhusiwa kulipa kidogo kidogo kupitia bili yake ya stima. Hakuna aliyeulizwa hati ya shamba. Mita yenyewe ndiyo iliyokuwa dhamana. Na kabla ya hapo, tangu 2012, kampuni ya M-KOPA inayouza sola kwa mkopo ilikuwa imeshawaonyesha walimwengu kwamba mtu wa kijijini asiye na akaunti ya benki atalipia paneli yake kwa shilingi 50 hivi kwa siku kwa simu, na taa ikizima asipolipa, atalipa. Hayo yalianzia hapa Kenya. Tumewafundisha wengine, sisi wenyewe tukayaacha kwenye taa na redio, hatukuyapandisha hadi kwenye friji.

Basi yaunganisheni. Mteja aagize paneli mbili au tatu na inveta ndogo ya kuungana na gridi kutoka kwa fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na petroli, ya daraja la T3, ambalo ndilo linaloruhusiwa kufanya kazi ya namna hiyo. Mkopo uandikwe kwenye mita. Kila anaponunua tokeni, sehemu inakatwa, kama zinavyokatwa tozo nyingine ambazo wengi wetu hata majina yake hatuyajui. Akihama, deni linabaki na mita na paneli zinabaki na nyumba.

Na hapa ile nusu ya uniti ndiyo inayopata maana. Kwenye mtambo wangu betri peke yake ilimeza karibu theluthi ya pesa zote. Mtu akiwa na hakika kwamba ziada yake ya mchana itapokelewa, hahitaji betri ya kuanzia maisha. Gridi inakuwa ndiyo betri yake, na ile nusu inayokatwa ni kodi ya betri hiyo. Kwa maskini, kanuni za 2024 zina faida kubwa kuliko kwa tajiri, mradi aweze kufika mlangoni.

Sitawaficha upungufu wake. Mtambo usio na betri, uliounganishwa na gridi, hujizima gridi ikizimika, hata jua liwe linawaka. Umewekwa hivyo makusudi, ili fundi anayeshika waya kwenye nguzo akidhani umekufa asiuawe na umeme unaotoka kwenye bati lako. Kwa hiyo usiku kama ule wa tarehe 25 Agosti 2023, nchi nzima ilipoingia gizani, jirani yangu angekaa gizani kama wengine. Yeye nilipomweleza alisema, ‘Mwanangu, giza nalijua. Bei ndiyo inayonitesa.’

Kwa wapangaji nina wazo ambalo bado nalipima. Chuo Kikuu cha Strathmore kilifunga paneli za kilowati 600 juu ya majengo yake mwaka 2014 na kufanya mkataba wa kuuza ziada. Mapaa makubwa ya namna hiyo Mombasa tunayo: misikiti, shule, maghala ya Shimanzi. Kwa nini watu kumi wa mtaa mmoja wasimiliki paneli juu ya paa la shule yao, kila mmoja na fungu lake, salio likaingia kwenye mita zao kumi? Kanuni zetu zinamfikiria mtu mwenye paa lake na mita yake chini ya paa hilohilo. Mji wetu haujajengwa hivyo.

Afrika Kusini ilijaribu njia ya tatu. Kuanzia Machi 2023 hadi Februari 2024 ilimrudishia mwenye nyumba asilimia 25 ya bei ya paneli, isiyozidi randi 15,000, kupitia kodi yake ya mapato. Paneli tu, inveta na betri hazikuhesabiwa. Iliwafaa walipakodi wenye pesa za kununua kwanza na kudai baadaye. Naomba tusiige hiyo. Huku kwetu muuza barafu halipi kodi ya mapato ya kurudishiwa. Anachokilipa kila siku ni tokeni.

Nilimwomba jirani yangu anionyeshe hesabu zake. Akatoa daftari la shule la mjukuu wake, kurasa za nyuma, mwandiko wa kalamu ya risasi. Tarehe upande wa kushoto, tokeni upande wa kulia. 100, 100, 150, 100. Siku za Ijumaa 150, kwa sababu barafu inatoka sana. Sehemu mbili ameandika sufuri, na nilipouliza akaniambia siku hizo hakuwa na kitu, barafu ikayeyuka. Nilijumlisha pale pale barazani: shilingi 100 kwa siku, kwa miaka mitatu, ni zaidi ya laki moja na elfu tisa. Akaniangalia, akauliza kama nina hakika. Nikampa simu ajumlishe mwenyewe. Akajumlisha mara mbili, kisha akaniuliza ni nani wa kumwendea.

Sikuwa na jina la kumpa.