Saa Mbili Usiku

Niliandaa chemsha bongo ya mtandaoni kwa wanafunzi wangu watatu wa Kiswahili: mmoja yuko London, mmoja Chicago, mmoja Kathmandu. Tangazo nililiandika kwa madaha: "Jumapili, saa 2:00 usiku, saa za mwalimu."

Wa Chicago akauliza kwake itakuwa saa ngapi. Nikahesabu vidole: tunapishana saa 9, basi saa yako itasoma 11:00 mchana. Wa Kathmandu hakuuliza kitu. Nikamsifu moyoni: mtu makini huyo.

Jumamosi nikatega kengele ya simu, 2:00, nikalala mapema ili sauti isije ikakwaruza.

Kengele ikalia. Nje giza totoro. Simu inasema 2:00, tangazo linasema 2:00, nani wa kubisha? Nikavaa shati la kola juu, chini bukta, nikafungua video. Wa Kathmandu alikuwa ameshaingia, macho mekundu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba! Umewahi."

"Nipo tangu saa mbili."

Nikatazama simu: 2:03. Safi kabisa. Tukakaa tukiwasengenya wenzake kwa kuchelewa. Nikamhakikishia kwamba kujali muda ni malezi. Baada ya kitambo akasema, "Mwalimu, huku kunakaribia kupambazuka."

"Saa mbili usiku?"

"Huku ni saa tano kamili."

Nepal iko saa 5 na dakika 45 mbele ya UTC, saa ya kimataifa, mimi saa 3. Tofauti hiyo nikaitoa kwenye 5:00 yake, nikapata 2:15. Ya simu! Yaani kwetu Waswahili, saa nane na robo, usiku wa manane. Na maskini yule alikuwa amekaa mbele ya kioo saa tatu nzima.

Ikabidi nimweleze kwamba saa zetu huanza kuhesabiwa jua likichomoza, ndiyo maana saa 1 asubuhi simu husoma 7:00. Alinyamaza, kisha akauliza kwa adabu, "Hilo lilikuwa somo la wiki gani, mwalimu?"

Sikuwahi kulifundisha.

Kumbe usiku huohuo Marekani walikuwa wanasogeza saa mbele, kama wafanyavyo kila Jumapili ya pili ya Machi. Tofauti ikabaki saa 8. Wa Chicago akaingia 11:00 niliyompa. Kwangu ilikuwa saa 1 jioni, nami nakoroma, nalipa deni la usiku. Alingoja nusu saa akaenda zake. Wa Kathmandu aliandika maneno matatu tu: "Leo nalala, mwalimu."

Uingereza saa zao husubiri hadi Jumapili ya mwisho ya Machi, kwa hiyo wa London aliingia saa 2:00 kamili, amechana nywele, hana habari.

"Wenzangu huwa wanachelewa hivi?"

Nikasingizia mtandao. Nikamsomea maswali yote 20, peke yake. Akapata 9. Nikampigia makofi, nikamtangaza mshindi wa kwanza.

"Asante, mwalimu. Na wa pili ni nani?"