Maulamaa wa Iran na dola: walichopata na walichopoteza

Desemba 1891 zilienea Iran habari za fatwa iliyonasibishwa na Mirza Hasan Shirazi, mujtahidi (mwanazuoni mwenye mamlaka ya kutoa hukumu za dini) mkuu wa Mashia wa zama zile: kutumia tumbaku kwa namna yoyote ni sawa na kumpiga vita Imam wa Zama, yaani Imam wa kumi na mbili ambaye Mashia wanamsubiri. Mwaka uliotangulia, Naser al-Din Shah alikuwa amempa Mwingereza mmoja, Meja Talbot, haki ya kununua, kuuza na kusafirisha tumbaku yote ya nchi kwa miaka 50, yeye Shah akiambulia pauni 15,000 kwa mwaka na robo ya faida. Fatwa ilipofika Tehran maduka ya tumbaku yalifungwa, na inasimuliwa kuwa hata ndani ya kasri wake za mfalme waliacha kuvuta na watumishi wakagoma kuandaa buruma. Januari 1892 mkataba ukafutwa.

Tazama alikokuwa akiishi Shirazi. Alikuwa Samarra, ndani ya Iraq ya Waothmani, ambako Shah hakuwa na askari wa kumtisha wala mshahara wa kumkatia. Waumini walipeleka khumsi, yaani sehemu ya tano ya mapato inayotolewa kidini, kwa mujtahidi wao bila kupitia mkono wa serikali. Hakuwa na wizara, hakuwa na jela, na neno lake lilisimamisha biashara ya nchi nzima.

Sisi tukiijadili Iran huanzia mapinduzi ya 1979 yaliyomwondoa mfalme, na mara nyingi tunagawanyika mapema: huyu anaiona Jamhuri ya Kiislamu kuwa ushindi wa dini, yule anaiona kuwa dhuluma iliyovaa kilemba. Mimi swali linalonisumbua ni lingine. Wanazuoni walipoacha kuwakemea watawala wakawa watawala wenyewe, dini ilinufaika au ilidhurika?

Wanaosema ilinufaika wana hoja nzito, na inaanzia mbali. Desemba 1905 gavana wa Tehran aliwachapa wafanyabiashara wa sukari viboko vya nyayo kwa kisingizio cha kupandisha bei. Soko likafungwa, na maulamaa pamoja na wafanyabiashara wakakimbilia kaburi takatifu la Shah Abdol-Azim, kusini mwa mji. Kiangazi kilichofuata zaidi ya watu 12,000 walipiga kambi kwenye bustani ya ubalozi wa Uingereza, na kabla mwaka 1906 haujaisha Iran ilikuwa na Bunge na katiba. Maulamaa waligawanyika: Akhund Khorasani, kutoka Najaf, mji wa elimu ya Kishia nchini Iraq, aliiunga mkono katiba, Sheikh Fazlollah Nuri aliiona inaivamia Sharia. Julai 1909 wanakatiba wakamnyonga Nuri hadharani katika uwanja wa Tupkhaneh.

Kisha akaja mfalme mwingine, Reza Shah. Mwaka 1935 askari wake waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika katika msikiti wa Goharshad, Mashhad. Januari 1936 alipiga marufuku hijabu, na polisi wakawa wanawavua wanawake shungi barabarani. Wapo waliojifungia ndani wasitoke tena. Mwanawe, Mohammad Reza, alirudishiwa nguvu na mapinduzi ya 1953 yaliyopangwa na Marekani na Uingereza dhidi ya Waziri Mkuu Mosaddegh, na Juni 1963 maandamano ya kumtetea Ayatollah Khomeini, mwanazuoni aliyempinga Shah na baadaye akaongoza mapinduzi ya 1979, yakazimwa kwa bunduki.

Mwanafunzi wa hawza (chuo cha dini) ya Qum nchini Iran aliyeyaona hayo angefikia uamuzi gani? Kwamba kila mara wanazuoni walitoa watu barabarani, wakawaachia wengine serikali, nao wakageukwa. Darsa za Khomeini za mwaka 1970 huko Najaf kuhusu Wilayatul Faqih, yaani utawala wa mwanazuoni wa fiqhi, zilitoka kwenye jeraha hilo. Anayezisoma kama uroho wa madaraka tu hajaitendea haki historia.

Na utawala ule ulifanya kazi ya kuonekana. Umeme na maji vilifika vijijini, zikajengwa nyumba za afya zenye wahudumu waliotoka vijiji vilevile. Wazazi washika dini ambao zamani wasingekubali waliwapeleka binti zao shule, na mwanzoni mwa karne hii wasichana walikuwa wanawazidi wavulana kwa idadi katika kuingia vyuo vikuu. Mtu aliyezaliwa kwenye kijiji kisicho na zahanati hawezi kuambiwa hayo ni madogo.

Hata hivyo naegemea upande wa pili, na sababu yangu kubwa ni yaliyompata Montazeri. Ayatollah Hussein-Ali Montazeri alifungwa na kuteswa wakati wa Shah. Mwaka 1979 ndiye aliyeongoza baraza lililoandika katiba na kuipachika Wilayatul Faqih ndani yake. Mwaka 1985 akateuliwa kuwa mrithi wa Khomeini. Kiangazi cha 1988 maelfu ya wafungwa wa kisiasa waliuawa magerezani, wengi wakiwa tayari wanatumikia vifungo vyao. Montazeri aliandika barua za kupinga, akawaita waliosimamia mauaji na kuwaambia uso kwa uso kwamba hiyo ni jinai kubwa kuliko zote tangu mapinduzi, na kwamba historia itawahukumu. Sauti ya kikao hicho ilitolewa hadharani mwaka 2016. Machi 1989 alienguliwa. Kuanzia 1997 hadi 2003 alifungiwa nyumbani kwake Qum, na waliomfungia walivaa kilemba kama chake.

Alichofanya Montazeri ndicho alichofanya Shirazi: kumwambia mtawala kuwa jambo hili ni haramu. Tofauti ni kwamba Shirazi alikuwa na pa kusimama.

Januari mwaka huohuo wa 1988 Khomeini alitamka kuwa serikali ya Kiislamu inatangulia hukumu nyingine zote, hata Swala, Saumu na Hija. Mwaka 1989 katiba ikarekebishwa ili Kiongozi, mkuu wa nchi, asilazimike kuwa marjaa, yaani mwanazuoni wa daraja ya juu ambaye waumini humfuata. Yalikuwa maamuzi ya watu wenye nchi ya kuendesha, na kwa mantiki ya dola yanaeleweka. Lakini katika mpango huo dini ndiyo iliyokuwa ikiinama.

Mwaka 2022, Mahsa Amini alipofariki akiwa mikononi mwa polisi wa maadili, vijana walianza kupita nyuma ya masheikh njiani, wakawapiga kilemba kikaanguka, wakakimbia huku mwenzao akirekodi kwa simu. Wengi waliofanyiwa hivyo hawakuwa na cheo chochote, ni watu waliokuwa wakitembea zao. Inaniuma sana. Mzee aliyefundisha Qurani maisha yake yote anadaiwa deni la hakimu na askari.

Hapa watetezi wa Jamhuri huuliza: mngetaka wakae pembeni kama wanazuoni wa Najaf? Mfano huo ninautaka. Ayatollah Sistani, mwanazuoni mkuu wa Najaf, ni mzaliwa wa Mashhad, na wengi wa Makhoja Ithnaasheri wa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa wanamfuata katika taqlidi, yaani kushika hukumu zake za dini. Hana wizara. Mwaka 2003 alishikilia kuwa katiba ya Iraq iandikwe na wawakilishi waliochaguliwa na Wairaqi wenyewe, na Wamarekani wakalazimika kubadili mpango wao. Novemba 2019 khutba iliyosomwa kwa niaba yake Karbala ililitaka Bunge lifikirie upya msimamo wake kwa serikali, na siku ileile Waziri Mkuu Adil Abdul-Mahdi akatangaza kujiuzulu. Kweli, Iraq imebaki na ufisadi na wanamgambo wenye silaha, na kukaa pembeni hakujauondoa.

Na bei yake huwa damu. Aprili 1980 Saddam alimuua Muhammad Baqir al-Sadr, mwanazuoni mkubwa wa Najaf, na hakuna aliyeweza kumkinga. Hoja hiyo siwezi kuipuuza. Ila nikiiweka kando ya habari ya Ayatollah Shariatmadari najua ninakosimama. Huyu ni miongoni mwa wanazuoni waliomtetea Khomeini mwaka 1963 alipokuwa hatarini kuuawa. Baada ya mapinduzi alipinga kumpa mwanazuoni mmoja mamlaka yote. Mwaka 1982 wanazuoni wenzake wa Qum walimvua daraja ya umarjaa, na mwaka 1986 akafariki akiwa kizuizini nyumbani.