Kutoaminiana hakuna sura ya mtu

Juzi mhariri wa jarida moja kanirudishia mchoro. Makala yenyewe ni ya kutoaminiana, jinsi tulivyofika mahali jirani akikuomba chumvi unajiuliza ana lake gani, na mimi nimepewa kurasa mbili zinazotazamana nizichore na kuzipanga. Maelekezo mapya ni haya: weka kijana, kofia imemfunika uso, kasimama kichochoroni, msomaji aelewe haraka.

Huyo kijana simchori.

Ukishachora uso, umeshataja mtuhumiwa. Msomaji atafunga jarida, atatoka nje, atakutana na bodaboda aliyejifunika kofia ya sweta kwa baridi ya alfajiri, atabana pochi kwapani. Makala nzima inalia kwamba tunashukiana, halafu mchoro wangu unamwonyesha msomaji mtu wa kumshuku! Mdogo wangu alishasimamishwa getini akaambiwa atoe risiti ya kompyuta yake mwenyewe. Alikuwa amevaa sweta kama hiyo. Alirudi nyumbani hakula, na mpaka leo haivai.

Kutoaminiana kumeandikwa kwenye vitu. Pita mitaa ya Dar es Salaam usome kuta: NYUMBA HII HAIUZWI. OGOPA MATAPELI. Mwenye nyumba kashika brashi na rangi nyekundu, kaanza na herufi kubwa, ukuta ukamwishia, ZWI ikabanana pembeni. Anamhofia tapeli atakayeiuza nyumba isiyo yake, na pengine ndugu wa damu anayeuwinda urithi. Herufi zile ndizo ninazozitaka kwenye kichwa cha makala, zichorwe kwa mkono, zibanane vilevile. Hakuna fonti inayobeba hofu ile. Kuna na vipande vya chupa juu ya uzio, na ile meseji ya matapeli tunayoijua sote: "Ile hela tuma kwenye namba hii."

Mhariri ana hoja moja, nakiri: anayepekua jarida hakupi muda, na uso humsimamisha kuliko ukuta. Sawa. Lakini mikono nayo humsimamisha mtu.

Dukani kwa Mangi, ninakonunua mkate, nondo zimepanda kutoka kaunta mpaka darini, katikati kaacha tundu la kupitisha kiganja. Kingo za tundu hilo zimeshatoka rangi, chuma kinang'aa kwa miaka ya mikono kupita. Mangi ananijua kwa jina, mama yangu anamjua, mwisho wa mwezi ananikopesha sukari. Vyote hivyo vinapita tunduni. Tunaaminiana, ila kwa ukubwa wa kiganja.

Hilo ndilo ninalolichora. Kurasa mbili zinazotazamana ni kama doti ya kanga, kila upande unamngoja mwenzake. Sisi wasanifu kurasa huukwepa mkunjo wa katikati, maana pini na gundi humeza chochote unachokiweka pale. Mimi nondo nimezisimamisha papo hapo mkunjoni. Kushoto mkono wa mteja na noti ya elfu mbili, kulia mkono wa muuza duka na mkate, na anayetaka kuona vidole vikigusana itabidi alipanue jarida kwa nguvu mpaka mgongo wake ulie.

Nimemtumia tena jana, saa tano usiku. Kijana wa kofia hayumo.