Mzee Asiyekunywa Chai

Kwenye mfuko wa shati langu jeupe pana kibao cheusi kimeandikwa MZEE, kisha jina la ukoo. Nina miaka 20. Ndevu zangu ukizihesabu hazifiki kumi, na zote zimekaa upande mmoja. Uzee huo ni cheo tu: kanisani kwetu, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (wengi hutuita Wamormoni), kijana akitumwa misheni huitwa hivyo kwa miaka yake miwili, na binti huitwa Dada kwa miezi yake 18. Nyumbani Tukuyu, Tanzania, hakuna aliyeshtuka. Lakini Malindi, pwani ya Kenya, nilikotumwa, mzee ni mtu mwenye kofia ya kiua, bakora na mahali pake pa kukaa barazani. Siku ya kwanza watoto wa mtaa wetu wa Maweni walipanga foleni wakanipa shikamoo mmoja mmoja, wa mwisho akaangua kicheko kabla hata ya kumaliza neno.

Mwenzangu ni Mmarekani wa Idaho. Tunatumwa wawili wawili, na sheria ni kwamba usipotee machoni mwa mwenzako isipokuwa chooni na bafuni. Hilo la choo mliweke akilini. Kiswahili chake alifundishwa darasani kwa wiki chache, kimenyooka kama barua ya serikali. Akitaka chumvi husema, "Ninaomba unisogezee chumvi iliyopo mezani." Neno likimpotea hunyamaza, hutazama dari mpaka lirudi.

Siku yetu huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi: mazoezi, kuoga, kusoma peke yako, kusoma na mwenzako, kisha barabarani mpaka usiku, na taa kuzimwa saa nne na nusu. Jumatatu ndiyo siku ya kufua, kwenda sokoni na kupiga simu nyumbani, nayo hukatika saa kumi na mbili jioni, tunarudi kazini. Bahari iko dakika kumi kwa miguu, ila kuogelea ni marufuku misheni nzima. Huwa naitazama tu kama paka anayetazama duka la samaki.

Basi Jumatatu hiyo tulikuwa uani tunafua. Kufua Malindi kuna elimu yake. Maji ya kisima chetu yana chumvi, sabuni haitoi povu. Unafua mara mbili kwa ya kisima, halafu unasuuza kwa maji matamu ya kununua, mtungi mmoja wa lita 20 kwa mashati matano. Ukibania maji, kola inakauka ngumu kiasi cha kukuchuna shingo mpaka Jumapili. Nilikuwa kwenye shati la nne, bibi mwenye nyumba akatoka na sinia.

Chai ya maziwa. Nusu maji, nusu maziwa, tangawizi imepondwa kwenye kinu hapo hapo, iliki imepasuliwa na kutiwa na maganda yake. Pembeni mahamri na bakuli la mbaazi za nazi. Mimi nimezaliwa katikati ya mashamba ya chai ya Rungwe, harufu ile naijua kuliko harufu ya kwetu jikoni. Ila hatunywi chai wala kahawa, kama ambavyo hatunywi pombe wala kuvuta sigara. Fundisho hilo liko kwetu tangu mwaka 1833. Kueleza ni dakika mbili tu. Lakini sabuni ilikuwa imenijaa mikononi, mtungi wa maji ulikuwa unaishia, nikasema neno la mkato:

"Asante bibi, tumbo langu halipatani na chai."

Mmisionari, tena Jumatatu asubuhi, tena kwa mdomo uleule wa kuhubiria.

Bibi akaniachia mahamri, nikala saba. Hapo ndipo nilipojifunga kamba mwenyewe, maana alikaa kwenye kibao cha mbuzi akinihesabia.

"Chai lakataa, mahamri saba lakubali," akasema polepole. "Na mwili wenyewe ndio huu. Mwanangu, una minyoo."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumanne alfajiri kulikuwa na sufuria mlangoni. Mwarobaini: majani ya kujaza viganja viwili, lita mbili za maji zimechemshwa hadi ikabaki moja, zikachujwa kwa kitambaa. Glasi asubuhi, glasi jioni. Wanasema hutibu maradhi arubaini, na naamini, kwa sababu ukishaonja hayo maradhi mengine yote unayasahau. Ningeweza kumwaga, ila bibi alikuwa amesimama. Nikanywa. Mwenzangu akaandika kwenye daftari lake neno jipya: chungu.

Jumatano habari ilikuwa imeshazunguka mtaa mzima. Muuza mihogo alinipa pole. Kinyozi alikataa pesa. Jirani wa nyuma alileta mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa, kijiko kimoja kwenye uji. Mahali tulipokwenda kufundisha hawakuuliza swali hata moja kuhusu dini, waliuliza kama napata choo. Na kila nilipofungua mdomo niseme ukweli, niliona aibu ya kumwambia mtu aliyenichumia majani gizani kwamba nilimdanganya. Kila siku uongo ule ukazidi kunigharimu.

Alhamisi ikaja shubiri.

Kwa wasioijua: ukikata jani la mshubiri, chini ya ganda hutoka utomvu wa manjano kabla hujafikia ule ute mweupe ambao watu hupaka usoni. Wa kupaka ni ule ute. Utomvu wa manjano ni haluli, dawa ya kuharisha, na si haluli ya mchezo. Hila yake ni kwamba haina haraka. Huchukua kama saa sita hadi kumi na mbili kushuka inakotakiwa, kwa hiyo anayeinywa hukaa akidhani imemsamehe. Bibi alinipa vijiko viwili saa moja asubuhi. Kufikia saa sita nilikuwa namwambia mwenzangu kwamba dawa za pwani ni maneno tu.

Saa tisa tulikuwa Muyeye, kwenye baraza ya familia iliyotualika, mwenye nyumba, mkewe, mama mkwe na watoto watano mkekani. Mwenzangu alikuwa katikati ya sentensi ndefu. "Na sasa ningependa mwenzangu, Mzee, awashuhudieni kile ambacho yeye anakihisi ndani yake."

Wote wakanigeukia. Nami kwa kweli nilikuwa nakihisi.

Nikasimama taratibu, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa hadi ukingoni. Choo chao kilikuwa kinajengwa upya, shimo lipo, ukuta haupo. Choo ninachokijua kilikuwa kwetu, mwendo wa dakika ishirini. Nikasema "samahani" nikatoka. Mwenzangu, mtu wa sheria, akaona ninapotea machoni, akafunga mkoba akanifuata. Nikaongeza mwendo, naye akaongeza. Nikakimbia. Ndugu zangu, vijana wawili wenye mashati meupe na tai, mmoja mweusi mbele, mmoja Mzungu nyuma anapiga kelele "Mzee! Mzee! Ningependa kujua tunaelekea wapi!" Watoto wakajiunga. Mwenye tuktuk akapunguza mwendo akauliza nimeiba nini. Sikujibu. Nilipanda, mwenzangu akarukia, na kila shimo la barabara ile nalikumbuka mpaka leo kwa nafasi yake.

Nilifika. Sitasema zaidi ya hapo, ila kwamba mwenzangu alisimama nje ya mlango wa choo kwa saa nzima, watoto kumi na wawili wamekaa nyuma yake, akiwaeleza kwa ufasaha kwamba mimi sijambo.

Ijumaa nililala. Jumamosi nilikunywa maji ya chumvi na sukari, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa lita moja ya maji, hiyo nayo bibi aliipima mwenyewe, safari hii sawasawa kabisa.

Jumapili ilikuwa ya kwanza ya mwezi. Kwetu Jumapili ya kwanza hufungwa: milo miwili hupita bila chakula wala maji, na pesa ya milo hiyo hupewa wenye shida. Tulirudi kutoka ibadani saa tisa, tukakuta wageni barazani. Wazee. Wazee wa kweli, watatu, wenye kofia na bakora. Wa katikati ameshika kopo tupu la majani ya chai, ndani yake shilingi 1,150. Mtaa umechanga. Nauli yangu ya kurudi kwa mama.

"Kijana," akasema, "dini njema, lakini afya mbele."

Bibi akanipa dafu, limeshapasuliwa. Nikalitazama. Koo lilikuwa kavu tangu jana jioni. "Siwezi, bibi."

Wazee wakaangaliana kama watu wanaoangaliana mgonjwa akikataa maji. Mmoja alianza kunong'ona dua.

"Nimefunga," nikasema. "Ni dini. Na chai pia ni dini. Tumbo langu ni zima, lilikuwa zima tangu Jumatatu."

Kimya. Bibi akaweka dafu chini.

"Hiyo ndiyo iliyokushinda kusema?" akauliza. "Mimi nina miaka sabini sili nguruwe. Kuna mtu amewahi kuninywesha shubiri?"

Mzee wa katikati alicheka mpaka akashikilia bakora. Akahesabu zile 1,150, akazirudisha koponi, akasema watazitafutia mgonjwa. Bibi akaingia ndani, akatoka na chupa ya shubiri, akaiinua kwenye mwanga. Imebaki nusu.

"Hii ni ya pesa, haimwagwi," akasema. Macho yakamtua mwenzangu, yakampima kutoka shingo hadi mkanda. "Na huyu je, mbona mwembamba hivi?"

Mwenzangu, kwa mara ya kwanza tangu afike pwani, alijibu bila kutazama dari:

"Bibi, ni dini."