Mvuvi Ni wa Upande Gani?

Najua mmeshaisikia. Ile sauti ya dakika nne aliyorekodi msaidizi wangu, akisimulia nilivyopiga picha kwenye shughuli ya kuvishana pete, imezunguka magrupu yote ya WhatsApp, kuanzia la ukoo hadi la wapangaji wenzangu. Jana usiku imenirudia mwenyewe kutoka kwa binamu wa Mwanza ambaye hatujasalimiana tangu Krismasi. Eti, "Kaka, huyu ni wewe?"

Ni mimi. Sasa tulieni niwape ya kwangu, maana ya kwake imetiwa chumvi gunia zima. Mama wa bwana harusi hakuzimia. Alikaa chini ghafla, basi.

Ilikuwa Jumamosi, Kigamboni, kwa mama mdogo. Mdogo wetu anavishwa pete. Ile sebule mnaijua: upande wa mashariki hakuna ukuta, ni milango ya vioo mwanzo mwisho, na nje ya vioo ni Bahari ya Hindi. Saa tatu na nusu asubuhi jua nalo liko upande uleule. Ukiingia pale kwanza unafumba macho, ndipo unatoa salamu.

Na mimi si mgeni wa mambo haya. Wiki mbili nyuma ni mimi niliyewaandikia, kwa mbwembwe zote, kwamba mkiwa ndani msimsimamishe mtu akalipa dirisha mgongo. Mgeuze alitazame, dirisha ni taa ya bure. (Waliohifadhi ile posti, naomba muifute.)

Kwa hiyo nikaanza kuwapanga wageni vizuri, nyuso kwenye vioo. Mama mkwe mtarajiwa akaniita pembeni kwa upole.

"Mwanangu, na bahari?"

"Bahari itakuwa nyuma yangu, mama. Mwanga unawapiga usoni, mnatoka vizuri."

Akanitazama kidogo. "Baba, sisi tumetoka Dodoma. Bahari itakuwa nyuma yetu."

Wewe ungemjibu nini? Nikawageuza. Watu kumi na mmoja, migongo kwenye vioo, Bibi yetu katikati kwenye kiti.

Kwa wale wasiojua: kamera haina habari na shangazi yako. Yenyewe inapima mwanga wa picha nzima na kutafuta wastani, kijivu cha katikati. Ikikuta robo tatu ya picha ni bahari inayometameta, inasema hapa mwanga umezidi, inapunguza. Na binadamu waliosimama mbele wanapunguzwa humohumo. Dawa ni kupandisha kwa kile kitufe cha kujumlisha na kutoa, ukaenda +1, hata +2 kwa ngozi zetu hizi, bahari ikiungua ikawa nyeupe tupu, na iungue. Au uiambie kamera ipime usoni tu. Au uvute pazia jepesi. Nayajua yote hayo. Nayajua!

Lakini kamera yangu ni ya zile za zamani zenye kioo ndani. Ukichungulia kwenye kitundu unaona kwa jicho lako, huoni itakachokitoa yenyewe. Na jicho ni fundi. Langu liliona nyuso, likaona bahari, likaona mpaka hereni za Bibi. Nikabonyeza, nikabonyeza. Nikitupia macho kioo cha nyuma naona bluu tamu ya bahari, nasema safi, twende.

Picha ya thelathini na kitu ndipo nikaikuza. Sikuona shangazi. Niliona umbo la shangazi.

Sikusema kitu. Nikacheka kama mtu aliyeridhika, nikachomeka flashi. Hapo nikafanya kosa la pili: ili bahari isiungue nikapandisha kasi ya shata, lile pazia la ndani ya kamera, mpaka 1/400 ya sekunde, wakati kamera yangu na flashi wanaelewana mwisho 1/200. Ukivuka hapo, pazia linakuwa limeshaanza kufunga wakati flashi inawaka, kwa hiyo sehemu ya picha haipati mwanga wake. Isitoshe, flashi niliielekeza moja kwa moja kwenye vioo. Mtaona matokeo.

Kosa la tatu lina miguu na linaishi Temeke. Msaidizi wangu, niliyempa elfu kumi na nauli, akaninong'oneza kwamba tunahitaji kitu cha kurudisha mwanga usoni mwa watu. Wazo sahihi kabisa. Akaingia jikoni, akatoka na sinia la alumini. Akachutama kwenye kona, pale jua linapoingilia, akaanza kulizungusha. Likatokea duara la mwanga, likatambaa ukutani, likapanda dari, likashuka taratibu kama linatafuta mtu. Likampata mama wa bwana harusi. Jichoni.

Ndiyo hapo alipokaa chini.

Akapewa maji, akatusamehe, tukaitwa kula. Nikajiambia jioni nitajifungia na kompyuta, nitaokoa nitakachookoa. Nikaiweka kamera juu ya kabati, nikajaza sahani. Pilau, kachumbari, paja la kuku. Nikakaa kwenye zulia karibu na mjomba.

Hapa naomba twende polepole, maana hata mimi ndivyo ninavyolikumbuka.

Nimeinua tonge. Kwa pembe ya jicho namwona mpwa wangu wa miaka kumi na nne anapita na waya. Sikumtilia maanani. Tonge limefika mdomoni. TV ya mama mdogo, inchi 55, ikawaka bluu. Nikasikia mtoto anasema, "Mjomba, nimeshaunganisha, wageni wanataka kuona picha."

Nilitaka kusema "usi—" lakini pilau lilikuwa limejaa mdomoni.

Picha ya kwanza ikafunguka. Jamani, ile bahari! Hesabu mawimbi ukitaka. Mawingu yamepambika, minazi imesimama. Na mbele ya uzuri wote huo, watu kumi na mmoja weusi tii, bila macho, bila pua, wamejipanga kama wanaosubiri kukuchukua.

Sebule ikanyamaza. Nasikia feni ya dari. Nasikia mfupa wa kuku kwenye meno ya mtu.

Mtoto akabonyeza ya pili. Walewale. Ya tatu. Walewale, ila mmoja kainua mkono.

"Huyo ni shangazi," akasema mjomba kwa kutaka kunisaidia. "Namjua kwa kilemba."

"Kilemba ni mimi," akajibu mtu mwingine kabisa.

Wakaanza kubishana nani ni nani. Bwana harusi alitambulika kwa masikio. Bi harusi, aliyekaa saluni tangu saa kumi alfajiri, aliyetiwa poda, wanja na kope za kubandika moja moja, alikuwa donge lenye mkufu. Hakusema neno. Alikuwa ananitazama mimi, haitazami TV.

Ndipo Bibi akasogeza kiti. Akaivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena. Akanyoosha kidole kwenye kona ya juu ya TV. Huko nyuma, mita nyingi baharini, kulikuwa na ngalawa. Ndani yake mzee mmoja amesimama na upondo, amevaa shati la mistari ya kijani. Alikuwa ametoka vizuri kuliko mtu yeyote niliyempiga maishani. Unaona mistari ya shati. Unaona anatabasamu.

"Huyu," akauliza Bibi, "ni wa upande gani?"

Nikafikiri anatania. Hakuwa anatania. Akawageukia watu wa Dodoma kwa heshima zote: "Ni wenu? Mbona hamkumkaribisha ndani?"

Wenzangu, pilau lilipita njia isiyo yake. Nilikohoa mpaka mjomba akanipiga mgongoni, na wakati nakohoa mtoto anaendelea tu kubonyeza. Zikaja za flashi: kila mtu kuanzia kifuani kwenda juu amewaka, kuanzia kifuani kwenda chini ni giza, kama wamepita kwenye msumeno. Na juu ya kichwa cha bwana harusi, kwenye kioo, mwezi mpevu. Saa nne asubuhi. Ikaja ile ya sinia: giza watu wote kasoro mama mkwe mmoja anayewaka peke yake, mdomo wazi, macho yamefumbwa, mikono hewani. Mtu wa Dodoma akasema "Yesu" kwa sauti ndogo.

Yaliyofuata ni mafupi. Nilipiga nyingine barazani kwenye kivuli cha mwembe, bwana harusi keshavua koti na bi harusi kope moja imeshadondoka. Za asubuhi nilijaribu kuzinyanyua kwenye kompyuta, lakini nilikuwa nimepiga JPEG, faili dogo lililobanwa, badala ya RAW, faili kubwa linalotunza kila ilichokiona kamera; kadi yenyewe ni ya GB 8, ningefanyaje? Nyuso zikatoka za kijivu na chengachenga, kama ukoo mzima umepakwa jivu. Picha iliyowekwa kwenye fremu kwa mama mdogo kapiga yule mpwa. Kwa simu. Aligusa uso wa bi harusi kwenye kioo, akavuta kile kijijua cha kuongeza mwanga juu kidogo, pa. Sekunde tatu. Bahari imefifia, dada anang'aa. Sina la kusema.

Kuhusu malipo msiniulize. Ni ukoo.

Ila kazi moja nimepata. Bibi kapiga simu Jumatatu anataka picha moja isafishwe, kubwa, ya ukutani. Ya mvuvi. Nimeikata vizuri watu weusi wasionekane, nikaipeleka Kariakoo leo asubuhi. Kijana wa studio akaitazama sana. Akasema, "Aisee, hii umeipiga wewe? Mzee katoka safi. Ni nani wako?"

Nikamwambia ni wa upande wetu.