Kata picha kwanza, wimbo utafuata

Vijana wa hapa Kigoma wanaojifunza katuni za kompyuta hunitumia rili zao niziangalie, yaani zile video fupi za sampuli za kazi anazopelekewa mwajiri. Karibu zote zina ugonjwa mmoja: zimeanzia kwenye wimbo. Kijana anachagua bongo fleva inayotamba, anaitandika kwenye programu ya kuhariri, ndipo anaanza kupanga shoti, vile vipande vya video, juu yake. Wimbo una dakika 3 na nusu. Kazi yake nzuri ni ya sekunde 40. Nafasi iliyobaki anaijaza na mpira unaodunda aliotengeneza wiki ya kwanza, gari linalozunguka bila sababu, na jina lake likiwaka moto.

Naumia nikiona hivyo, kwa sababu zile sekunde 40 peke yake zingempatia kazi. Mwajiri akishakutana na shoti dhaifu, hiyo ndiyo anayobaki nayo kichwani. Kwa anayeanza, dakika 1 inatosha kabisa. Shoti kali kuliko zote iwe ya kwanza, inayoifuata kwa ubora ifunge, na jina na mawasiliano yaonekane mwanzo na mwisho. Hapo sina la kuongeza.

Lenye mengi ni muziki. Waajiri wengi huangalia rili wakiwa wamezima sauti, na wana sababu: muziki unaficha makosa. Mimi hili alinifundisha mjomba wangu.

Nilikuwa na shoti ya mvuvi akivuta wavu wa dagaa. Kila mvuto niliuangusha juu ya ngoma ya wimbo nilioupenda, na kila niliporudia kuitazama nilijiona nimemaliza. Nikaenda nayo Kibirizi, kwa wavuvi wa hapa Kigoma. Zilikuwa siku za mbalamwezi, taa hazivuti dagaa, mitumbwi imepumzika na mjomba yuko ufukweni akishona nyavu. Nilimpa simu ikiwa haina sauti. Akatazama mara mbili, akanirudishia.

“Mjomba, huyu anavuta wavu mtupu.”

Akasimama kunionyesha. Nyayo zikakaa kwanza, vidole vikishika mchanga kama vinavyoshika ubao. Kiuno kikarudi nyuma kabla mikono haijasogea. Halafu akatulia kidogo, uzito wa maji ukimvuta yeye, ndipo mkono mmoja ukaachia na kwenda kushika mbele ya mwenzake. Usiku nilifungua Blender, programu ninayotengenezea katuni, nikapitia shoti yangu fremu kwa fremu, yaani picha moja moja zinazounda video. Mvuvi wangu alianza na mikono, kiuno kikafuata. Unyayo wa kushoto ulikuwa unateleza kwa fremu 3 kila mvuto, na ngoma ilikuwa inapiga palepale unapoteleza. Sikio lilikuwa limeridhika, jicho likalala.

Tangu hapo nakata rili nzima kimya. Shoti isiyosimama bila sauti inatoka, hata kama niliihangaikia mwezi mzima. Picha zikishakaa, zenyewe zinakwambia zinataka mdundo gani. Baada ya kumrekebisha yule mvuvi, mvuto mmoja ulichukua fremu 32. Kwa fremu 24 kwa sekunde, muziki wa midundo 90 kwa dakika unapiga kila fremu 16, kwa hiyo mvuto wake ni midundo 2 kamili. Nikajua natafuta 90. Ukienda 120, mdundo unaangukia kila fremu 12, nao ni rahisi kuhariri. Ukienda 100 unapata fremu 14.4, na hakuna fremu ya nukta nne. Utakuwa unasogezasogeza mikato mpaka asubuhi. Singeli naipenda sana harusini, lakini kwenye rili inamkimbiza mtazamaji kabla hajaliona pozi. Wala usikate kila mdundo. Kata pale tendo linapotua, na ngoma moja kati ya nne ikikutana na mkato inatosha.

Muziki wenye maneno nauacha. Mtu akisikia mashairi anayafuata, na wewe unataka afuate mikono ya mhusika wako. Kama una shoti ya mhusika anayezungumza, hapo shusha muziki kabisa asikike yeye, maana midomo ndiyo inayopimwa.

Na wimbo wa watu ni mali ya watu. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na tunayo COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Sisi wachoraji tunaolia kuibiwa picha hatuna uso wa kuchukua jasho la mwanamuziki bila kumwomba. Mitandao ya video nayo ina mitambo inayoutambua wimbo, na rili yako inaweza kunyamazishwa siku ileile umemtumia mwajiri kiungo. Mimi nilimfuata prodyuza kijana pale Mwanga, hapahapa Kigoma, nikamwomba biti tupu ya 90. Tukaandikiana karatasi: itatumika wapi, nimelipa kiasi gani, jina lake litokee fremu za mwisho. Wote wawili tukatia saini.

Rili yangu sasa ina sekunde 58. Mvuvi ndiye anayeifungua. Mvuto wake wa kwanza hauna muziki, ni maji tu yakigonga mbao, sauti niliyoirekodi kwa simu Kibirizi alfajiri kabla mashine za mitumbwi hazijawashwa. Biti inaingia kwenye mvuto wa pili, pale kiuno kinapoanza kurudi nyuma.